Mwalimu, Nipunguze Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mlezi wa viumbe vyote, ambaye riziki iko mikononi mwake. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na wote wenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa tatu zilizopita nilipanda mimbari hapa Mbau nikahutubu juu ya kukinai. Nilieleza kwamba utajiri wa kweli si wingi wa mali bali ni utajiri wa nafsi, kama tunavyofundishwa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Nikasema tupunguze. Tupunguze matumizi, tupunguze tamaa, tupunguze kuchungulia chungu cha jirani. Wazee walitikisa vichwa kukubali, nami nikateremka nikiwa nimeridhika na hotuba yangu, jambo ambalo kwa mhubiri si dalili njema.

Baada ya Sala mama mmoja alinisubiri karibu na bidoni za kutawadhia. Ni katika ndugu zetu waliohama vijiji vyao upande wa njia ya Kamango, na sasa anaishi na watoto wanne katika chumba kimoja cha nyumba ya watu. Akanisalimu kwa adabu, akasema: "Mwalimu, hotuba tumeisikia. Sasa mimi, nipunguze nini?" Kisha akanihesabia. Bugali mara moja kwa siku, jioni, ili watoto walale. Sombe anayoruhusiwa kuchuma nyuma ya nyumba. Chumvi. Mafuta ya mawese siku akipata kibarua cha kupalilia. Akanyamaza kidogo, akasema kwa sauti ya chini: "Na jana nimepika mbegu." Yalikuwa makopo matatu ya maharagi aliyokuwa ameyafunga kwenye kitambaa, akingoja mvua ili apande katika kipande cha ardhi alichoazimwa.

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mwenyezi Mungu atafanya wepesi, mama." Maneno hayo ni ya kweli, lakini siku ile niliyatumia kama mlango wa kutokea. Tangu hapo nimekuwa nikirudi katika vitabu vyangu vichache, na katika yale niliyofundishwa chuoni nikiwa mtoto, kutazama kama nilihutubu sawasawa. Karatasi hii ni matokeo ya kutazama huko.

Suali lenyewe ni hili: Je, kukinai na kuishi kwa kubana matumizi ni jambo la kumfundisha maskini? Na kama si lake, ni la nani?

Tuanze na Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Sote tunajua kwamba maisha yake yalikuwa mepesi. Alitia kiraka nguo yake, akashona viatu vyake, na nyumbani kwake ulikuwa ukipita muda mrefu bila moto wa kupikia kuwashwa, wakiishi kwa tende na maji. Lakini tazameni alivyofanya alipojiwa na mwenye njaa. Mtu mmoja alimwendea akiwa ameshikwa na njaa. Mtume akapeleka ujumbe kwa wake zake, mmoja baada ya mwingine, na kila nyumba ikajibu kwamba haina kitu ila maji. Hakumgeukia mgeni kumpa mawaidha ya subira, ingawa nyumba zake mwenyewe zilikuwa tupu na angekuwa na kila haki ya kusema, "Ndugu yangu, sote tuko hivi." Aliwauliza masahaba nani atamkirimu mgeni huyu usiku ule. Ansari mmoja akamchukua, watoto wake wakalazwa bila chakula, taa ikazimwa ili mgeni asijue kwamba wenyeji hawali. Wafasiri wameitaja habari hiyo katika aya ya 9 ya Surat Al-Hashr.

Iko pia hadithi ya Ansari aliyekuja kuomba, iliyo katika Sunan ya Abu Daud. Wapo wanachuoni walioisema isnadi yake, lakini maana yake inatufaa. Mtume alimuuliza ana nini nyumbani kwake. Alikuwa na nguo moja nzito ya kujifunika na kutandika, na bakuli la kunywea. Vikanadiwa kwa dirhamu mbili. Moja akaamrishwa anunue chakula cha watu wa nyumbani kwake, na ya pili anunue shoka, aende akakate kuni auze. Mtume mwenyewe akalitia shoka mpini kwa mkono wake. Mtu huwa tunaikumbuka hadithi hii kwa ajili ya shoka, kuwakemea wavivu. Mimi sasa naisoma dirhamu ya kwanza. Chakula kilitangulia, shoka likafuata, na hotuba haikuwepo.

Kwa hiyo nasema, na nikikosea wenye elimu wanirekebishe: kukinai ni ibada ya moyo ambayo mtu anajiamrisha mwenyewe. Anayeacha nyama kwa kuwa amechagua kuiacha, huyo tunaweza kumwita zahidi. Yule ambaye nyama haijafika kwake tangu Idi ni mhitaji, na mhitaji tumeambiwa katika Surat Adh-Dhariyat, aya ya 19, kwamba ana haki yake ndani ya mali za wenye nazo. Nikimwendea huyu na kumwambia "kinai", mimi niliyekula kuku wa walima jana yake (na kweli nilikuwa nimekula), nimemdai deni ambalo mdaiwa wake ni mimi.

Sayyidna Umar (R.A.) alilielewa hili. Mwaka wa 18 wa Hijra, ambao ni karibu na mwaka 639 wa miladi, ukame mkali uliipiga Bara Arabu, mwaka ukaitwa Mwaka wa Majivu kwa jinsi ardhi ilivyobadilika rangi. Umar aliacha samli na nyama, akawa anakula mkate kwa mafuta mpaka rangi ya uso wake ikageuka, na huku akiandika barua kwa magavana wake walete misafara ya chakula. Alijibana yeye, na wenye njaa akawatafutia. Sisi viongozi wa siku hizi mara nyingi tunafanya kinyume chake.

Sasa, ndugu zangu, nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba asiye na mali hawezi kuwa mbadhirifu. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Israa, aya ya 26 na ya 27, anakataza ubadhirifu na kuwaweka wabadhirifu katika udugu na mashetani, wala hakusema kwamba onyo hilo ni la matajiri peke yao. Na aya ya 67 ya Surat Al-Furqan inawasifu wanaosimama kati ya israfu na ubakhili. Kila mwenye mkono wenye kitu, hata kikiwa kidogo, ana pa kuchagua. Na hapa Mbau wengi wetu tuna pa kuchagua zaidi ya tunavyopenda kukubali.

Chukueni kakao. Mwaka 2024 bei yake katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, wakati miaka mingi kabla yake ilikuwa ikizunguka kati ya dola 2,000 na 3,000. Mavuno ya Cote d'Ivoire na Ghana yalikuwa mabaya, basi taabu ya wakulima wa kule ikawa neema kwa wa huku. Katika teritwari yetu ya Beni waliojaaliwa kufika shambani na kurudi salama na mzigo wao waliona pesa ambazo baba zao hawakuwahi kuziona. Pesa zilikwenda wapi? Wapo waliojenga, wapo waliolipa shule za watoto, Mwenyezi Mungu awazidishie. Lakini nimewaona pia vijana walionunua moto ya pili kabla ya kumaliza deni la ya kwanza, na simu ambayo bei yake ingelisha nyumba miezi mitatu. Na wapo waliogundua ghafla kwamba sunna pekee wanayoikumbuka ni kuongeza mke. Mwaka 2025 bei ikaanza kushuka. Inaamuliwa London na New York, haituulizi sisi. Leo baadhi ya moto hizo zimeuzwa kwa hasara, na wake hawauzwi.

Kuna ubadhirifu mwingine ndani ya kakao ambao hauonekani kama ubadhirifu. Mti wa kakao unahitaji kama miaka mitatu mpaka mitano kabla ya kuzaa vizuri, na wakati bei ilipokuwa juu baadhi yetu walifyeka migomba, mihogo na maharagi ili kila hatua ya shamba iwe kakao. Kakao haisongwi bugali. Siku barabara ikifungwa, mwenye gunia la kakao na mwenye mikono mitupu wanasimama kwenye foleni moja ya kununua maharagi yaliyotoka mbali. Mzee wa zamani wa hapa alipanda migomba juu, maharagi chini, mihogo pembeni, na lenga-lenga karibu na jiko ambako maji ya kuoshea vyombo humwagwa. Hakuwa amesoma popote, lakini kitu kimoja kikimkosa, kingine kilikuwapo.

Nakuja kwenye jambo ambalo najua litawaudhi baadhi yenu, nalo ni karamu. Katika umri wangu nimefungisha ndoa nyingi, na ninaweza kuwaambia kwamba katika mji huu mdogo deni kubwa la nyumba nyingi halikutoka kwenye ugonjwa wala shule. Limetoka kwenye arusi na matanga. Watu wanakopa ili wasichekwe. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alifanya walima wa mmoja wa wake zake kwa vibaba viwili vya shayiri. Vibaba viwili! Nusu ya pishi. Na walima wa Bibi Safiyya ulikuwa tende, maziwa makavu na samli, bila nyama na bila mkate. Leo bwana arusi anayeuza karanga za kukaanga barabarani anaambiwa na wakwe kwamba bila mbuzi watatu na muziki atawaaibisha. Wakwe hao wengine wako katika safu ya kwanza ya msikiti huu. Nawaomba, kabla hatujamhutubia kijana juu ya zinaa, tumwondolee kwanza mbuzi wawili.

Matanga ni mabaya zaidi, kwa sababu mtu analiwa akiwa analia. Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa kule Muta mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliwaamrisha watu wapike chakula wapeleke kwa jamaa wa Jaafar, kwa kuwa yamewafika mambo ya kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza. Aliyefiwa anatafuta mchele, makayabu, makala, sukari, na kukodi viti, na sisi tunakaa siku tatu, nne, tunakula na kusifu marehemu alikuwa mkarimu. Niliwahi kuona nyumba ambayo mjane aliuza bati za jiko lake ili kumaliza matanga ya mumewe, na mvua ya mwezi uliofuata ikamnyeshea akipika. Nami nilikuwa nimekula pale. Tangu siku hiyo nikienda kwenye msiba nakwenda na kitu mkononi, na nikialikwa chakula naomba udhuru. Kama kuna anayeona nina kiburi, sasa amejua sababu.

Mambo madogo ya kila siku nitayapitia kwa haraka, maana kina mama wanayajua kuliko mimi. Maharagi yaliyolowekwa usiku kucha na kufunikwa vizuri chunguni yanaiva kwa makala machache sana kuliko yaliyotupwa makavu juu ya mbabula. Makala hayo ni miti. Kila gunia linaloshuka kwenye moto kutoka msituni ni kivuli kilichoondoka na hakirudi kwa msimu mmoja. Mwenye kiwanja chenye ukingo wowote apande miti ya kuni, kama watu wa Butembo na Lubero walivyozungushia mikaratusi vilima vyao miaka mingi iliyopita. Maganda ya kakao yasiachwe yakaoza kwenye malundo chini ya miti, maana ugonjwa unaooza matunda hukaa humo. Yakiozeshwa pembeni pamoja na majani hadi yawe udongo, yanarudi shambani kuwa mbolea bila franga hata moja.

Na sisi wanaume tulio msikitini tutazame maji yetu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Hadithi hiyo ni sahihi, iko kwa Bukhari na Muslim. Kibaba ni kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vilivyojaa, haifiki lita moja. Kwa kipimo hicho bidoni moja ya lita 20 ingewatosha watu zaidi ya 25. Hapa nimehesabu: bidoni moja inakwisha kwa watu sita, na aliyeibeba kutoka kisimani ni mtoto wa kike ambaye hasali katika safu zetu wala hatumjui jina.

Ila kuna akiba isiyo akiba. Msipunguze sabuni. Tulipita katika Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ikianzia Mangina, jirani zetu, na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na kila mmoja wetu anakumbuka ndoo za kunawia zilizokuwa mbele ya kila mlango. Ziko wapi? Vyandarua vilivyogawiwa vya kujikinga na malaria navyo nimeviona vikizungushiwa bustani kuzuia kuku. Anayeokoa mchicha kwa chandarua atailipa pesa hiyo hospitalini mara kumi. Huo nauita ubadhirifu uliovaa nguo za uchumi.

Ndugu mmoja, kijana mwenye akili, alinijibu juu ya haya yote kwa maneno ambayo siwezi kuyapuuza. Alisema: "Shehe, wewe unasema tuweke akiba. Tangu Oktoba 2014 mauaji yalipoanza katika teritwari hii, aliyeweka akiba na asiyeweka wamekimbia sawa, na cha aliyeweka kimechukuliwa. Mimi nikipata leo nakula leo." Na akaongeza kwamba kuweka chakula cha kesho ni kukosa tawakali.

Juu ya tawakali jibu ni rahisi. Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka kutoka katika mitende ya Bani Nadhir, na hakuna aliyekuwa na tawakali kumshinda. Na yule mwenye ngamia aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Juu ya hofu, jibu si rahisi, wala sitaki kujifanya kwamba ninalo lote. Kijana huyu amezika ndugu zake. Wanaoua wanataja jina la dini yetu huku wakiharibu kila alichokitukuza Mwenyezi Mungu, damu kwanza, na kisha shamba. Ninachoweza kumwambia ni kwamba tumefundishwa, katika hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, kuwa hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Mtu huyo hatakula tunda la mche ule na anajua hatakula. Na kwa upande wa akili ya kawaida: asiyejua kesho atalala wapi asiweke vyote mahali pamoja. Weka kidogo kwako, kidogo kwa shemeji aliye Oicha, kidogo kwa dada aliye Beni. Hiyo pia ni kumfunga ngamia.

Sasa turudi kwa yule mama na makopo yake matatu ya maharagi, kwa sababu hapo ndipo suali lote lilipo.

Katika Surat Yusuf, kuanzia aya ya 47, Nabii Yusuf (A.S.) aliwapa watu wa Misri mpango wa miaka saba ya neema ikifuatiwa na miaka saba ya shida. Wavune na kuacha nafaka katika mashuke yake, ila kile kidogo cha kula. Na hata katika miaka ya njaa, ambapo akiba yote italiwa, kuna kidogo kitakachobaki kimehifadhiwa. Wafasiri wengi wanasema kile kidogo ni mbegu. Maana yake mbegu ni kitu cha mwisho kuguswa. Anayekula mbegu amekula msimu.

Je, mama yule alikosea? Nimelipima hili kwa makini, na nasema hakukosea. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Baqara, aya ya 173, amewaruhusu wenye dharura hata vile alivyovikataza, sembuse maharagi yake mwenyewe ya halali. Mtoto mwenye njaa usiku wa leo ana haki iliyotangulia shamba la miezi mitatu ijayo. Aliyekosea ni nani basi? Ni jirani mwenye maharagi mawili ya kuchagua, ya kula na ya kupanda, ambaye moshi wa jiko lake ulionekana kutoka chumba kile. Na jirani huyo ni mimi, na wewe unayesoma kama ulivuna msimu uliopita.

Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ashari kwa jambo moja. Chakula kilipowapungukia safarini, au jamaa zao walipokuwa na shida Madina, walikusanya kila walichokuwa nacho katika nguo moja, wakagawana kwa chombo kimoja sawa kwa sawa. Akasema kwamba wao ni katika yeye, na yeye ni katika wao. Bukhari na Muslim wameipokea. Hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa bajeti ndogo, kama sisi, na kipimo chao kilikuwa kimoja kwa wote.

Basi baada ya kushauriana na wazee na kina mama, tumeamua kuweka kapu la mbegu. Msimu unaoanza mvua zijazo mwenye kupungukiwa na mbegu achukue, avunapo arudishe. Katika mashauriano wapo waliopendekeza arudishe makopo mawili kwa kila moja, kama vinavyofanya baadhi ya vikundi vya akiba, ili kapu likue. Nimekataa. Kopo linarudi kopo, kwa kipimo kilekile; la ziada likishurutishwa ni riba, hata kama ni maharagi. Anayeongeza kwa hiari yake bila kuambiwa, ni wema wake. Aliyeibiwa shambani au aliyelazimika kukimbia hadaiwi mpaka apate, kwa aya ya 280 ya Surat Al-Baqara. Kapu litapungua kwa njia hiyo, hilo najua. Pengo lijazwe na waliopata kakao. Kakao yenyewe katika madhehebu ya Imamu Shafi haimo katika mazao ya zaka, kwa kuwa si chakula cha kushibisha kinachowekwa. Lakini pesa zake zikifika nisabu na zikatimiza mwaka zina zaka, na wenye pesa hizo wanajijua.

Kapu si la Waislamu peke yao. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki na Waprotestanti, tunachota maji pamoja na tumekimbia pamoja. Aya ya 8 ya Surat Al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na mateka wa Madina wakati ule hakuwa Mwislamu.

Nilimwendea yule mama kumweleza. Hakushukuru sana, na alikuwa na haki. Aliniuliza nani atachambua mbegu, nikasema mimi na wanafunzi. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akasema nitawapa watu maharagi yenye matundu. Kwa hiyo ni yeye atakayechambua. Amesema pia mbegu zikaushwe juani siku nzima, zichanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa, zijazwe kwenye bidoni mpaka juu kabisa na kufungwa kwa nguvu, maana wadudu wakikosa hewa wanakufa. Miti ya mihogo anaitaka ile tu iliyokatwa kwenye shina lenye majani ya kijani safi, yasiyo na mabaka ya njano.

Mbegu zitapokelewa kila Jumamosi baada ya Alasiri katika darasa la madrasa: maharagi, mahindi, karanga, lenga-lenga, na miti ya mihogo. Kopo moja kwa nyumba linatosha. Mwenye bidoni tupu yenye kifuniko kizima alete pia. Na anayeleta maharagi aliyoyatia dawa ya dukani aseme mapema, tuyaweke peke yake, yasije yakaishia chunguni.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.